Nsima ya Harusi na Edita ya Bure

Kambi ya Dzaleka, Malawi, jioni hii ambayo bado uko wetu

Aline, mama wangu,

Umekwenda kuaga wenzako wa korali, wale mnaoimba nao kanisani, na nyumba imetulia kidogo. Baba yako yuko kwenye mashini yake ya kushona, anamalizia mfuko wa kutilia ordinateri yako, hiyo kompyuta ndogo. Ameukata kutoka kwenye koti la zamani la mchungaji wetu, kwa hiyo ukifika shuleni ujue umebeba kitu chenye upako. Nimeona nitumie utulivu huu kukuandikia, maana ukirudi na yale makelele yenu sitaweza.

Mambo ya kula, kulala na kuvaa sitayaandika. Shangazi yako Zawadi kule mjini, Area 25, ana mdomo wa kutosha kwa kazi hiyo, tena anaipenda. Mimi nataka kujibu swali uliloniuliza juzi tukiosha vyombo. Ulisema, "Mama, bale ba mwaka wa pili banasema lazima niweke ile edita kubwa, ile ya kulipia. Nikienda na hii yetu batanicheka. We unaona je?" Na mimi nikakujibu, "Weka yenye unapenda," nikaendelea kusugua sufuria.

Lile lilikuwa jibu la mvivu. Mtu anayekwenda kujifunza kutengeneza tovuti akiuliza edita, yaani ile programu ya kuandikia kodi, yale maagizo ambayo kompyuta huyafuata, ameuliza chombo atakachoshika kila siku ya kazi yake. Baba yako akiulizwa sindano gani ifae kitambaa fulani hajibu "yoyote". Basi nisamehe kwa lile jibu, na pokea hili. Ni refu kwa sababu mimi mwenyewe nililifikia kwa kuzunguka.

Unajua kwetu Bukavu nilikuwa secrétaire, karani wa shule. Usichojua ni jinsi nilivyokuwa na majivuno. Nilikuwa napiga mashini ya kuandikia bila kutazama vidole, na mkuu wa shule alikuwa analeta wageni mlangoni ili wanione. Tulipofika hapa Malawi, wewe mgongoni, majivuno yale niliyafungasha nikaja nayo, ingawa miaka mingi hayakuwa na kazi. Nilikaanga mandazi, nilimsaidia baba yako kushona vifungo. Halafu wakafungua chumba cha mafunzo ya ordinateri, na nilipoona kibodi kwa mara ya kwanza tangu Bukavu, nilijisikia kama mtu aliyekutana na ndugu sokoni.

Mwalimu alikuwa Désiré, yule Mrundi mrefu wa sauti ya chini uliyekuwa unamwita tonton, yaani mjomba. Siku ya kwanza ya tovuti alituambia tufungue kile kiprogramu cheupe kinachokuja na mashini yenyewe, bloc-notes, tuandike ukurasa mdogo. Mimi nikakitazama: hakina rangi, hakina mistari, hakina kitu. Nikasema moyoni, hiki ni cha wanaoanza, mimi ni secrétaire. Nikafungua ile programu ya kuandikia barua, nzuri, yenye herufi za kila aina, nikaandika kodi zote alizozichora ubaoni. Kila alama mahali pake. Nikafungua ukurasa wangu kwenye browser. Picha haikuja. Rangi ya nyuma haikuja. Wenzangu waliokuwa wanatafuta herufi moja moja kwa kidole, kurasa zao zilikuja kijani na njano.

Désiré akainama nyuma yangu. "Mama Aline, angalia hizi alama zenye kufungia maneno. Zimepinda."

"Zimepinda vizuri," nikamwambia.

"Njo ubaya wake. Programu hii iko inapamba. Browser haitambui alama yenye kupinda, iko inataka ile yenye kusimama wima."

"Basi browser yako njo inagonjwa."

Alicheka mpaka akaweka paji la uso mezani. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani nimenuna na baba yako akadhani nimefiwa. Ilinichukua wiki nzima kukubali kwamba edita nzuri ni ile inayotunza ulichoandika kama ulivyokiandika, bila kukuongezea urembo ambao hukuomba. Na kukubali huko, mwanangu, hakukunifaa kitu, maana kosa lililofuata lilikuwa kubwa zaidi.

Mama Josée, yule jirani aliyepata safari ya Canada, aliniachia ordinateri yake. Unaikumbuka. Ilikuwa nzito kama pasi ya makaa, na betri yake imekufa, ukigusa waya tu inazimika. Lakini ilikuwa yangu, na habari zikazunguka. Zikafika mpaka kwa Mayi Phiri, yule mama Mmalawi wa Area 25, mtengenezaji wa keki za harusi ambaye baba yako alikuwa anamshonea aproni. Akauliza kama ninaweza kumtengenezea tovuti. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza.

Sasa hapo ningetumia kile nilichokijua. Lakini niliwaza: huyu ni mteja wa mjini, ataniona naandika kwenye kiprogramu cheupe kama mtoto, atasema nini? Nikaenda kwenye kibanda kimoja mjini ambako walikuwa wanauza programu zilizonakiliwa bila ruhusa, nikarudi na CD ya ile programu kubwa, ile waliyosema inatumiwa na mafundi wa Ulaya. Baba yako akaniuliza, "Hiyo iko ya bure?"

"Ya bure," nikasema.

"Kama iko ya bure, mbona umeificha mu mfuko wa ndani?"

Nikaitoa, nikaiweka ndani ya mashini.

Mayi Phiri alipanga tukutane City Centre, katika ofisi ya kaka yake, yenye zulia na hewa ya baridi. Nilivaa kitenge cha Pasaka. Nikaweka ordinateri juu ya meza inayong'aa, nikachomeka waya, nikabofya. Ikaja picha ya programu katikati ya kioo, ikakaa hapo. Feni ndani ya mashini ikaanza kuunguruma kama chigayo cha kusaga mahindi. Wakaleta chai. Tukanywa chai. Kaka yake akauliza kwa adabu, "Inakuja?" Nikasema, "Inakuja." Wakaondoa vikombe. Nikaanza kuwaeleza habari za Bukavu, ziwa, milima, chochote. Ilipokuja hatimaye, nilibofya neno moja, kioo kikawa bluu kote na mashini ikazimika yenyewe, bila mtu kugusa waya.

Mayi Phiri ana moyo. Alinisindikiza mpaka chini akasema kwa Kichewa kile cha polepole anachonisemea mimi, "Mayi, nenda ukaitibu mashini. Ikipona urudi." Nikamshukuru kwa lugha yake, zikomo, zikomo kwambiri, na nikatembea kuelekea stendi nikiona kila mtu ananijua.

Nataka ujue kwa nini nakusimulia hili. Ile programu haikuwa mbaya. Kwenye mashini yenye nguvu, mikononi mwa mtu aliyeilipia, labda ni kitu cha ajabu. Mimi niliichagua kwa ajili ya macho ya watu, watu ambao wala hawakuwa wanatazama. Mayi Phiri alitaka kuona keki zake. Hakuwa na habari kama kodi zimeandikwa ndani ya nini.

Désiré alikuta virusi vya ile CD vimejaa kwenye ordinateri, akaifuta yote akaanza upya. Hakunigombeza. Alinipa flashi akasema, "Humu kuna za bure, za halali, za namna mbalimbali. Onja zote. Usiniulize mi, mi sijue mashini yako inapenda nini." Basi nikaonja, na hapo ndipo nilipochagua kwa akili kwa mara ya kwanza.

Nilianza na kile cheupe nilichokidharau. Kilifunguka kabla sijaondoa kidole, nikakiomba msamaha. Lakini kila kitu ndani yake ni cheusi. Ukisahau kufunga alama moja, unaitafuta kama jiwe kwenye mchele. Tena niliandika ukurasa wa walimu wa chumba cha mafunzo, na jina la Désiré likatoka na takataka mbili tatu kila mahali palipokuwa na é. Akaja kutazama.

"Mama Aline, huyu njo nani?"

"Ni we."

Akalitazama sana. "Mpakani baliandika jina yangu vibaya. Ku kadi vilevile. Nilizania hapa kwetu itakuwa sawa."

Alisema akitabasamu, lakini mimi sikulala vizuri. Nikajua edita yangu lazima ijue kutunza herufi zetu, maana majina yetu mengi sisi watu wa Kifaransa yana hizo é.

Ya pili ilikuwa mpya na ya kupendeza, ya bure pia, lakini kwa ordinateri ile nilikuwa naweza kumenya viazi vya mchana ikiwa bado inafunguka. Ya tatu ilikuwa Notepad++, ile yenye kinyonga kijani. Ilifunguka mara moja, hata moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Ilinionyesha namba za mistari. Alama zilikuja na rangi, maneno na rangi nyingine, na ukisahau kufunga, rangi yenyewe inageuka kuanzia pale ulipokosea na kukuita. Na kulikuwa na sehemu ya kuchagua herufi zitunzwe kwa mtindo gani. Nikachagua ule wa UTF-8, nikasahihisha jina la Désiré, nikamwita. Alisoma jina lake, akasema tu, "Bon," akaenda zake. Nilimwona akirudi mara mbili kulitazama.

Kuna neno moja nataka kulisema juu ya hiyo bure. Bure ya kambi unaijua: ina mstari, ina kadi, ina mtu wa kukutazama juu mpaka chini akuulize jina la babu yako. Hii ilikuwa bure ya aina nyingine. Mtu asiyenijua, mahali nisipopajua, alitengeneza kitu kizuri akakiacha hapo nichukue, bila kuniuliza mimi ni raia wa wapi. Siku ya kwanza nilikuwa nasubiri kioo kiniombe namba ya kadi. Hakikuomba. Usione haya kwa kitu kama hicho, mwanangu, hata wakicheka.

Kazi ya Mayi Phiri niliimaliza, ikapendwa. Na sasa nifike kwenye ile habari ambayo baba yako huisimulia kila Noeli akiiongezea chumvi. Nataka uisikie kutoka kwangu, maana yeye husimulia kosa lako, na mimi nataka kusimulia langu.

Ulikuwa darasa la tano. Ulizoea kukaa karibu nami nikifanya kazi, ukiuliza, "Mama, hii ya bluu inasema nini? Hii nyekundu?" Kwa sababu ya zile rangi ulianza kusoma kodi kama unavyosoma mabango ya barabarani. Siku moja nilitoka kuchota maji nikaacha kurasa za Mayi Phiri wazi. Nawe ukagundua kile kisanduku cha kutafuta neno na kulibadilisha kila mahali lilipo. Ukaandika neno uliloliona mara nyingi kuliko yote, *cake*. Chini yake ukaandika *nsima*, ugali wetu wa kila siku. Ukabofya, ukaona yote yanageuka kwa pamoja, ukashtuka, ukahifadhi, ukafunga, ukakaa kimya.

Mimi nikarudi, nikabeba flashi, nikakimbilia chumba cha mafunzo kabla hawajafunga, nikazipeleka kurasa kwenye mtandao bila kuzitazama. Hilo ndilo kosa la kwanza la siku ile, na ni langu, si lako.

Asubuhi Mayi Phiri akapiga simu. "Mayi," akasema, "tovuti yangu inasema nauza nsima ya harusi."

"Haiwezekani."

"Inasema nsima ya harusi ya ghorofa tatu, yenye maua ya sukari. Inasema nsima ya ubatizo. Inasema agiza nsima yako mwezi mmoja kabla. Na picha zangu zote zimekwenda wapi?"

Picha zilikwenda kwa sababu majina yake pia yalikuwa na neno *cake* ndani, na browser ilikuwa inatafuta picha za nsima ambazo hazipo. Nilikuuliza, ukakiri, nikakufokea, Aline. Nilikufokea mpaka jirani akazima redio asikie vizuri. Nikakuambia hutagusa tena ordinateri katika nyumba hii. Halafu nikakaa chini kusahihisha, ukurasa kwa ukurasa, nikifuta nsima moja moja na kuandika *cake* moja moja, nikinung'unika.

Wewe ulisimama mlangoni. "Mama..."

"Nyamaza."

Baada ya muda, "Mama, samahani, kama..."

"Nimesema nyamaza!"

Ukaenda nje, ukarudi. Mimi nilikuwa bado kwenye ukurasa wa pili, macho yananiuma. Ukasimama mbali kidogo na mkono wangu na ukasema haraka haraka kwa pumzi moja, "Mama kama naandika nsima pale juu na cake pale chini, haitarudia yote?"

Nilifungua kile kisanduku cha kutafuta. Kisha nikaandika nsima pale juu. Nikaandika *cake* pale chini. Nikabofya. Keki zote zikarudi, na picha zote, kwa mara moja.

Baba yako alikuwa mlangoni na futi yake shingoni. Alianza kucheka yeye, nawe ukaogopa kucheka ukashika mdomo, na mimi nikajaribu kubaki na hasira nikashindwa. Tulicheka mpaka jirani akazima redio tena.

Lakini usiku ule nililia kidogo, sikuwahi kukuambia. Jibu lilikuwa limesimama mlangoni mwangu saa zile zote, limevaa gauni la shule, na mimi naliambia linyamaze. Huwa nalikumbuka hilo kila ninapojiona najua.

Jumamosi yake tulikwenda pamoja Area 25 kuomba msamaha. Ulijificha nyuma yangu. Mayi Phiri akakutoa mbele, akasema kwa ukali, "Ni wewe?" Ukaitikia kwa kichwa. "Bibi harusi mmoja amenipigia. Aliona tovuti yangu na dada zake, wakacheka mpaka wakalia, sasa anasema keki yake ni lazima niifanye mimi na si mtu mwingine." Akakukatia kipande kikubwa akakwambia, "Kula nsima." Nadhani ile ndiyo siku uliyoamua utafanya kazi hii. Mimi nilidhani unapenda keki tu.

Kwa hiyo, edita. Sasa nikuambie weka ile ya kinyonga? Subiri, maana bado kuna kosa langu la mwisho, nalo ni la juzi tu. Désiré alipohamia edita nyingine mpya, ya bure pia, yenye kukumalizia maneno na kukuonyesha makosa kabla hujayafanya, mimi nilimcheka. Nikamwambia amesahau alikotoka. Alinialika mara nyingi nikaone, nikakataa, nikisema yangu inanitosha. Siku niliyokwenda hatimaye, niliona kazi ninayoifanya asubuhi nzima akiifanya kabla ya chai. Majivuno ya secrétaire yalikuwa yamerudi, safari hii yamevaa nguo za umaskini. Nilikuwa najivunia udogo wa kitu changu kama nilivyojivunia ukubwa wa kile cha CD. Ni ugonjwa uleule.

Ndiyo maana sikupi jina moja la kushika mpaka kufa. Ordinateri unayoibeba kesho ni ndogo, kwa hiyo anza na nyepesi. Utaandika wakati wenzako wanasubiri kioo. Zionje kwa mikono yako. Andika jina la rafiki yako mwenye herufi ngumu, uone kama linatoka zima. Siku ukipata mashini yenye nguvu na ukaona edita nzito inakusaidia kweli, ichukue, na usinifikirie mimi hata kidogo. Na ukikutana na mwingine anayeandika kwenye kile cheupe cha bure, kaa karibu naye kabla hujacheka. Huenda kuna kitu anataka kukuambia.

Mimi nilikuwa na hofu wiki hii yote. Hofu ya mama si lazima iwe na sababu. Nilifikiri mji, nilifikiri karatasi, nilifikiri watu watakaokuuliza, "We wa wapi?" kwa sauti ile tunayoijua. Halafu jana nilikuona umekaa na mtoto wa jirani, unamwonyesha rangi kwenye kioo, akakosea, nawe ukangoja. Ulingoja mpaka akaona mwenyewe, akapiga makofi. Sijui ulijifunza wapi kungoja namna hiyo. Si kwangu. Hofu yangu nyingi iliondoka pale pale.

Baba yako anasema mfuko umekwisha, anauliza kama uwe na kifungo au zipu. Nimemwambia akusubiri. Na sasa nasikia sauti yako kule kisimani, unacheka na wale wasichana, unawaambia waje wakutembelee, unajua wazi hawatakuja wote. Naacha kuandika hapa. Nataka niwe mlangoni ukiingia.

Mama yako,
Bernadette